Ruaha Ilianza Kukaukia Kwenye Makaratasi

Aliyekuwa na redio Tanzania mwaka 2006 anaikumbuka namba 690. Ndiyo alama, kwa mita kutoka usawa wa bahari, ambayo maji ya bwawa la umeme la Mtera, kwenye mto Ruaha Mkuu, hayakutakiwa kushuka chini yake. Bwawa likijaa pomoni husoma 698.5. Kinyozi alikuwa anaijua. Muuza barafu za ukwaju alikuwa anaijua. Fundi wa kuchomelea, aliyekaa na mashine yake baridi tangu asubuhi, angekutajia mpaka na desimali. Maji yalishuka chini ya alama hiyo, mgao wa umeme ukawa ndio ratiba ya nyumba nzima, na nchi ikaanza kumtafuta aliyekunywa maji ya Mtera.

Akapatikana upesi: ng'ombe wa Usangu.

Kisa hiki kimezeeka, najua. Nakirudia kwa sababu naona dalili kwamba tunajiandaa kukiishi tena, safari hii Kilombero, na kwa gharama kubwa zaidi. Isitoshe, katika kila semina ya mazingira niliyowahi kukaa, "ikolojia ya kanda" hutajwa asubuhi kwenye hotuba ya ufunguzi, na kufikia chai ya saa nne tumesharudi kwenye mipaka ya wilaya.

Tuanzie juu. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka kwenye milima ya Poroto na Kipengere, kule Mbeya, Makete na Wanging'ombe, ambako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Chini yake imelala tambarare ya Usangu, ambako mvua ni kama nusu ya hiyo na jua halina masihara. Ukitoka Mbeya kwa basi kwenda Makambako unaivuka mito inayoshuka, mmoja baada ya mwingine, kabla hujamaliza karanga zako: Ruaha yenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali. Ndembera unaingia kutokea upande wa Mufindi. Yote inakwenda kukutana kwenye kinamasi cha Ihefu.

Ihefu ni beseni. Mdomo wake uko Ng'iriama, mahali ambapo mwamba umelala kukatiza mto kama kizingiti cha mlango. Maji yakiwa juu ya kizingiti, Ruaha inatoka, inapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, inaingia Mtera, inateremka Kidatu, inajiunga na Rufiji na kufika baharini. Yakishuka chini ya kizingiti hata kwa unene wa kidole, hakitoki kitu. Ndani ya Ihefu maji bado yapo, kambare wapo, ndege wapo, lakini ng'ambo ya mwamba mto umekatika. Ruaha haiishi kidogo kidogo kama sukari kwenye kopo. Inafika siku inazimwa.

Siku ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa Desemba 1993. Tangu hapo karibu kila kiangazi mto umekuwa ukikatika, mwaka mwingine kwa wiki, mwaka mwingine kwa miezi.

Nimewahi kuiona Oktoba. Mto mzima ni mchanga mweupe, na juu yake nyayo za tembo, kila moja ukubwa wa sinia. Tembo wenyewe wamechimba visima mchangani kwa miguu na kunyonya maji ya chini kwa chini, na swala wanasubiri zamu pembeni. Kwenye kona moja limebaki dimbwi. Viboko wamebanana humo, migongo inagusana, na maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyolala siku mbili. Harufu inakufikia kabla hujaliona dimbwi lenyewe. Aliyekosa nafasi amesimama ukingoni juani, ngozi yake imepasuka kama tope la jaruba lililokauka. Mnyama wa maji hana maji, ndani ya hifadhi ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kulima humo hata tuta moja.

Nani aliuzima mto? Kwa jibu inabidi urudi juu, kilometa nyingi kutoka hifadhini, kwenye banio.

Zamani mkulima wa Usangu alikinga maji kwa banio la kienyeji: magogo, mawe, matete na udongo. Kila masika lilisombwa, kila mwaka lilijengwa upya, na hata likiwa zima lilivuja kama chujio. Kisha yakaja mashamba makubwa ya serikali ya mpunga, Mbarali kwanza na baadaye Kapunga, na skimu za wakulima wadogo nazo zikaboreshwa kwa fedha za wafadhili. Banio jipya likawa la zege na mageti ya chuma. Ukilisimamia juu unalipenda. Hakuna tena kubeba magogo kila mwaka, hakuna kugombana usiku, unazungusha gurudumu na maji yanaingia mferejini. Kwenye ripoti za miradi, maji yale yaliyokuwa yakivuja yaliitwa upotevu, na upotevu ukapungua, na ufanisi ukapanda.

Sasa, upotevu ule ndio uliokuwa Ruaha ya Septemba.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, maana ndiyo sehemu ambayo mipango yetu huipita mbio. Masika mto ni mnene na banio halifui dafu. Maji mengi yanapita juu yake yakielekea Ihefu. Kiangazi mto ni mwembamba, na banio la zege linaweza kuubeba wote, tone kwa tone, mchana na usiku. Na wakati huo mpunga umeshavunwa! Majarubani kuna mabua makavu na mbuzi. Maji ya mferejini yanafyatulia matofali, yanamwagilia bustani ya mchicha, yananywesha watu na mifugo, nguo zinafuliwa, na yanayobaki yanatambaa mpaka kwenye shamba lisilo na kitu na kukaukia huko. Geti limeachwa wazi kwa sababu aliye jirani nalo hapati chochote kwa kulifunga. Ukimuuliza, atakuambia maji akiyaacha yanakwenda kupotea porini. Kwa pale alipo yeye, hajakosea.

Wala mhandisi hakukosea hesabu. Kila skimu ukiipima peke yake ilikuwa sawasawa. Afisa kilimo alitaka mpunga na mpunga ukapatikana, na mchele wa Mbeya unaouzwa Kariakoo haukuteremka kutoka mbinguni. Afisa wanyamapori alitaka pori lisiguswe na halikuguswa. Mhandisi wa umeme alitaka bwawa na bwawa likajengwa. Kila mmoja alikuwa na ramani yake, na kwenye kila ramani mto uliingia kutoka pembeni mwa karatasi ukiwa umejaa, kana kwamba huko nje ya karatasi hakuna mtu.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Watafiti waliofanya kazi Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walishatenganisha mambo mawili ambayo redio ilikuwa ikiyachanganya. La kwanza ni mto kukatika kiangazi, na hilo linatokana hasa na maji yanayochepushwa kwenye mabanio. La pili ni Mtera kukosa maji, na hilo ni habari nyingine. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, pamoja na maji ya Ruaha Mdogo unaopita Iringa na Kisigo unaotokea kaskazini. Kile kijito cha Septemba, hata kingefika chote, kisingeliokoa bwawa. Namna bwawa linavyoendeshwa, yaani mitambo inafunguliwa kwa kasi gani mwaka wenye mvua nzuri, nayo ina sehemu yake.

Fanya hesabu ya kwenye kiganja. Ng'ombe mmoja wa asili hunywa kama lita 30 kwa siku, yaani mita za ujazo 11 kwa mwaka. Hekta moja ya mpunga wa kumwagilia, kwa makadirio ya kawaida, hutumia mita za ujazo kama 10,000 kwa msimu mmoja. Hekta moja, basi, ni kundi la ng'ombe 900 wanaokunywa mwaka mzima. Sisemi ng'ombe ni malaika. Kundi kubwa kwenye kinamasi hukanyaga, hula matete machanga, hugeuza tope kuwa sakafu, na kinamasi kilichokanyagwa hakishiki maji kama kilichotulia. Lakini kosa hilo ni jingine na dawa yake ni nyingine.

Tuliyoyafanya yanajulikana. Kuanzia 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo iliyohesabiwa kwa laki, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani. Njiani ng'ombe walikufa, watu walitozwa faini, na malalamiko yalikuwa mazito kiasi cha Rais Kikwete kuunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 Usangu na Ihefu vikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikapita kilometa za mraba 20,000 na kuwa kubwa kuliko zote nchini kwa wakati huo. Mgogoro wa mpaka na vijiji vya Mbarali umekuwepo tangu hapo. Beseni likawekewa ulinzi wa bunduki, na bomba likabaki nje ya uzio. Mwaka 2001 aliyekuwa Waziri Mkuu, Frederick Sumaye, alikuwa ametangaza jijini London kwamba Ruaha itarudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika na mto ukakatika kama kawaida yake.

Somo ninalolipata mimi hapa ni chungu kidogo kwa sisi tunaoipenda ikolojia. Taaluma hii ikitumiwa nusu ni hatari. Neno "mfumo ikolojia" lilitumika Usangu kumwondoa mwenye sauti ndogo, wakati sehemu ile ya hesabu iliyomgusa mwenye geti la chuma iliachwa kabatini. Mtu aliyehamishwa kwa jina la mazingira, ukimwendea tena kesho na semina ya uhifadhi, atakusikiliza kwa adabu na hatakuamini. Mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisitisha malipo ya mradi wa REGROW, uliokuwa wa dola milioni 150 kwa ajili ya utalii wa kusini, kufuatia malalamiko ya wanakijiji wa kandokando ya Hifadhi ya Ruaha, na kabla mwaka haujaisha mradi ukafutwa. Ndani ya mradi huo kulikuwa pia na kazi ya kuboresha matumizi ya maji ya Usangu. Nayo ikaenda na maji, kama kuna maji ya kwenda nayo.

Sheria tunazo, na si mbaya. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, na Rufiji ina bodi yake ya maji tangu miaka ya 1990. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imepanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya mazingira, halafu ndipo kilimo, umeme, viwanda na wengine wote. Kisheria kiboko yuko mbele ya TANESCO. Kwenye foleni halisi yuko nyuma kabisa, kwa sababu bodi ya bonde inatoa vibali na kukusanya ada, lakini bajeti ya mabanio iko kwingine, ramani ya matumizi ya ardhi iko halmashauri, na ahadi ya skimu mpya iko mdomoni mwa mgombea. Tathmini ya athari kwa mazingira nayo hufanywa mradi kwa mradi. Skimu ya hekta 500 ikija peke yake inafaulu, na inayofuata inafaulu, na ya kumi inafaulu kwa kuiga maneno ya ile ya tisa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inayo tathmini ya kimkakati, ile ya kuangalia mipango mizima kwa pamoja kabla miradi haijazaliwa. Ndiyo iliyopaswa kuwa mkate wetu wa kila siku, na tumeifanya keki ya harusi.

Badala yake tunachokishika sana ni mita 60. Sheria hiyo hiyo ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji, na kila kiangazi kikikolea utaona viongozi na utepe wa kupimia. Naelewa mvuto wake, utepe haubishani. Lakini mita 60 ni zile zile milimani Makete na delta ya Kibiti, na mahali hapo pawili hapafanani hata kwa rangi ya udongo. Huko juu watu wana vinyungu, bustani za bondeni ambako mama analima mahindi mabichi na maharage wakati mlima umekauka. Kumfukuza kwenye kinyungu ni kumnyima chakula cha Oktoba. Jirani yake amepanda mikaratusi bonde zima kwa ajili ya nguzo na mbao, mita 61 kutoka kijitoni, na hakuna wa kumgusa. Mti unaotia mizizi yake kwenye maji ya chini hauna habari na utepe.

Kuna kisa cha chura ambacho siwezi kukiacha. Kihansi, kwenye genge la Udzungwa, ndani ya bonde hili hili la Rufiji, tulijenga mtambo wa megawati 180. Ujenzi ukiwa umeanza, mwaka 1996, wataalamu wakagundua chini ya maporomoko chura mdogo wa njano, asiyefika urefu wa kidole gumba, anayezaa badala ya kutaga, na ambaye dunia yake yote ilikuwa kama hekta mbili za majani yanayolowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa mwaka 2000, manyunyu yakaisha. Tukamwekea vinyunyizio vya mabomba, kama vya bustani ya hoteli. Vyura karibu 500 wakapandishwa ndege kwenda Bronx, New York. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na 2012 vizazi vya wale wa Marekani vikarudishwa Kihansi. Watu huicheka habari hii: chura na ndege! Gharama yake hasa iko kwenye tarehe. Uchunguzi ulifika baada ya zege, na kila kitu kinachofika baada ya zege kinauzwa bei ya ndege.

Ndiyo maana naitazama Kilombero kwa wasiwasi.

Bwawa la Julius Nyerere limebadilisha siasa ya bonde hili kuliko tunavyosema. Lina megawati 2,115. Mtera na Kidatu kwa pamoja hazifiki 300. Na maji ya Rufiji yanayolifikia hayatoki sana Ruaha. Kilombero huchangia takriban asilimia 62, Luwegu 18, na Ruaha Mkuu 15 tu, licha ya eneo lake kubwa. Kwa miaka thelathini Ruaha ilikuwa na mtetezi mmoja mwenye nguvu, naye ni balbu. Waziri hakuhitaji kumpenda kiboko. Taa ikizimika Dar es Salaam, alikwenda Usangu. Mtetezi huyo sasa amehamia mto mwingine. Mwaka ambao Ruaha itakatika na umeme usikatike, sijui ni redio gani itasoma kina cha maji Ng'iriama.

Kilombero nayo imepata mtetezi, lakini imepata na wachumba wengi. Bonde lake ni ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu, karibu kilometa za mraba 8,000, maskani ya sheshe, swala wa majani mabichi ambaye hapo ndipo palikuwa na kundi lake kubwa kuliko popote. Hapo hapo pana miwa ya kiwanda cha sukari, mitiki, mpunga wa wadogo na wa wakubwa, ukanda wa kilimo wa SAGCOT, na wafugaji waliosukumwa kutoka kwingineko, pamoja na Usangu. Mwaka 2012 wafugaji waliondolewa na huku pia. Unaona jinsi kitabu kinavyofunguliwa ukurasa ule ule?

Ningekuwa na sauti, ningeomba jambo moja kabla ya kibali kingine cha maji kutolewa Kilombero. Itajwe kwanza, mwezi kwa mwezi, kiasi cha maji ambacho mto lazima ubaki nacho. Namba ya mwaka mzima haitoshi, maana namba hiyo inaweza kutimizwa Aprili peke yake na Oktoba mto ukafa. Kinachobaki ndicho kigawanywe, na kila ombi jipya lijumlishwe na yote yaliyotangulia. Na Usangu wenyewe haujapitwa na wakati: kufunga mageti kwa zamu miezi mitatu ya kiangazi, na kuchimbia vijiji visima ili mfereji usiwe ndio bomba pekee la kunywa, ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bwawa lolote. Aliye na geti alipwe kwa kulifunga. Umeme una mauzo. Senti kidogo ikirudi Wanging'ombe na Mbarali, gurudumu litazungushwa bila askari.

Chini ya yote hayo kuna delta, mikoko yake na kamba wanaokulia humo, inayosubiri tope la mafuriko. Delta iko mkoa wa Pwani. Banio liko Mbeya, kinyungu kiko Njombe, sheshe yuko Morogoro.

Mara ya mwisho nilipokuwa ofisi moja ya ardhi huko bondeni, nilionyeshwa kabati la majalada ya maombi, yamepangwa vizuri, kila moja na namba yake na ramani yake iliyokunjwa. Nikaomba kuona ile ramani ambayo yote yamechorwa pamoja. Afisa, kijana mchangamfu, akanitazama, akalitazama kabati, kisha akaniuliza nilikuwa natafuta wilaya gani.